Kumi na Wawili wa Benchi

3 Machi

Shemeji mpendwa,

Natumaini u mzima, na kwamba zamu za asubuhi katika chumba cha kufulia cha hospitali hazijakumaliza. Mimi sijambo, isipokuwa goti la kushoto, ambalo siku hizi lina maoni yake kuhusu ngazi.

Nakuandikia kwa sababu ya kazi. Nilidhani nikistaafu ukaguzi wa shule nitaachwa nipumzike, lakini Baraza la Wilaya limeniweka katika kamati ya watu watano inayopitia ruzuku za sanaa. Kila kikundi kinachopokea fedha za umma lazima kikaguliwe na mjumbe mmoja kabla ya kikao cha tarehe 27 Aprili. Kisichokaguliwa hakipati kitu. Mimi nimepangiwa kikundi cha maigizo cha mjini kwenu, kile kinachokutana katika ghala la zamani la pamba.

Wewe unapita hapo kila siku. Watu husemaje? Sina ugomvi na maigizo. Nina ugomvi na fedha za umma zinazotumiwa na watu kujipigia makofi wao kwa wao. Usimwambie mtu kwamba nakuja.

Shemeji yako,
Mkaguzi (mstaafu)


9 Machi

Shemeji,

Barua yako imefika imenyooka kama shuka lililotoka kwenye pasi yangu. Mwenzangu wa zamu aliniuliza ni nani bado anaandika barua dunia hii. Nikamwambia niliwahi kumtumia shemeji yangu ujumbe wa simu, akanirudishia ukiwa umesahihishwa. Alicheka hadi akaangusha kapu.

Umeuliza watu husemaje. Husema mengi. Fundi viatu wa hapa kona anasema ghalani ndipo mahali pekee anapoweza kuketi bega kwa bega na meneja wa benki bila kuulizwa amekuja kufanya nini. Mlangoni hakuna kulipa, kwa hiyo mlinzi wa shule huja na watoto wake wote watano na kuwapanga kwa urefu. Mimi napita tu, nasikia sauti.

Nenda Alhamisi saa kumi alasiri. Siku hiyo huwa wanafanya mazoezi ya mchezo mzima, mwanzo hadi mwisho. Chakula cha mchana sitaweza kukupikia, maana Alhamisi nashinda kazini. Usininunie. Na usiwanunie na wao. Ile sura yako ya mitihani iache nyumbani.

Shemeji yako,
Mama Mashuka


20 Machi

Shemeji,

Nimetoka huko jana. Naandika mapema kabla kumbukumbu haijaanza kujipamba.

Nitaanza na yaliyo mema, kwa sababu ni haki yao. Sakafu ya ghala ilikuwa safi kuliko ya shule nyingi nilizokagua. Paa halivuji. Taa zinaendeshwa na binti mchomeleaji vyuma, ambaye alizishusha polepole mwishoni mwa kila sehemu kama anayefunika mtoto. Mchezo wenyewe unahusu dada wawili na kaka yao wanaogombania nyumba ya marehemu baba. Aliyecheza nafasi ya kaka ni mbeba matofali. Alisema maneno kwa muda wa dakika tatu mfululizo, bila kuvuta pumzi mahali pasipofaa na bila kosa hata moja la upatanisho wa sarufi. Nimewahi kufundisha walimu walioshindwa na hilo. Nakiri kwamba niliacha kuandika ili nimsikilize.

Sasa yaliyo mabaya. Niliwaomba wasinieleze chochote, nisije nikavutwa upande; nilitaka kuona kwa macho yangu. Na niliona. Ubavuni mwa jukwaa pana benchi refu. Watu kumi na mmoja waliketi hapo saa mbili nzima bila kuinuka, na wa kumi na mbili, niliambiwa, alikuwa nyuma ya turubai akishona. Mmoja wa benchi alikuwa akifuma sweta. Wengine walichezesha midomo kama wanaotafuna. Katika daftari lao kila nafasi imeandikwa mara mbili bila majina: Kaka wa Kwanza, Kaka wa Pili, Dada Mkubwa wa Kwanza, Dada Mkubwa wa Pili. Kwa hiyo watu ishirini na wanne wamehesabiwa, ilhali kumi na wawili tu ndio wanaofanya kazi. Nimeona shule zikiandikisha wanafunzi hewa. Najua inavyofanywa.

Rasimu ya ripoti yangu inapendekeza ruzuku ipunguzwe nusu.

Nilipita kwako. Mlango ulikuwa umefungwa. Jirani yako mwenye cherehani akaniambia kwamba Alhamisi una kazi ya pili hadi jioni. Shemeji, kama umebanwa, kwa nini hukuniambia? Mdogo wangu angekuwa hai, angenilaumu.

Shemeji yako,
Mkaguzi


25 Machi

Shemeji,

Hiyo kazi yangu ya pili ndiyo uliyoikata nusu.

Wa kumi na mbili ni mimi. Nilikuwa nyuma ya turubai, na sikuwa nashona kitu. Nilishika sindano isiyo na uzi, nikawa nakutazama kwenye tundu. Nilikuficha kwa sababu nakujua. Ungesema mjane wa mdogo wako anacheza maigizo na wabeba matofali. Haya, sasa umejua, sema.

Ila kwanza unisikilize, maana wenzangu ulishawaziba midomo. Mwongozaji wetu alitaka sana kukueleza, lakini uliingia ukasema hutaki maelezo, ukakunja uso, naye akaogopa. Mkaguzi gani huyo asiyeuliza?

Wale wa benchi si hewa. Ni wenza. Kila nafasi ina watu wawili, na wote wawili wanaijua yote, neno kwa neno, hatua kwa hatua. Sisi ni watu wa zamu, Shemeji. Hospitali ikiita, unakwenda. Kiwandani mashine ikisimama, unabaki. Mwaka wa kwanza kabla sijajiunga, watu mia mbili walikwisha kukaa ghalani, na aliyekuwa acheze nafasi ya baba akazuiwa kazini. Watu wakarudi nyumbani. Tangu siku hiyo wakaweka sheria kwamba nafasi si mali ya mtu mmoja, na nafasi isiyo na mwenza haipandi jukwaani. Mara nyingine tunajua nani atacheza ikiwa imebaki nusu saa. Anayeketi hatafuni, anasema mchezo wote kimoyomoyo, ili mwenzake akiondoka yeye aingie pale pale ulipofika. Yule mfumaji wako sweta ndiye Baba wa Pili. Akiacha kufuma anasahau. Mbeba matofali uliyemsifu alikaa benchi hilo mwaka mzima kabla hujamsikia.

Mimi ni Dada Mkubwa wa Pili. Wa Kwanza ni muuguzi wa wodi ya watoto. Kwa mwaka yeye huitwa kazini mara sita au saba. Ukitupunguza nusu, ni nani umtoe, yeye au mimi?

Halafu unasema fedha za umma. Kabla ya ruzuku kulikuwa na muuza soda aliyekubali kutulipia paa. Sharti lake lilikuwa kwamba marehemu baba afe akiwa ameshika chupa yake, na lebo itazame watazamaji. Mwongozaji akamuuliza, "Na tukimzika, tumzike nayo?" Akasema ikiwezekana. Baraza halijawahi kutuambia nani afe vipi. Limelipa paa, taa na mwongozaji, likatuachia maneno yetu.

Nilijiunga Agosti ya mwaka juzi. Sitakuandikia kwa nini.

Mama Mashuka


30 Machi

Shemeji,

Nimesoma barua yako mara tatu. Mara ya kwanza nilitafuta makosa ya sarufi, kwa mazoea. Mara ya pili nilitafuta makosa ya hoja. Mara ya tatu sikutafuta kitu.

Hata hivyo, umeniweka mahali pabaya. Kanuni ya kamati ni fupi: mjumbe hakagui kikundi chenye ndugu yake. Nikisema kwamba umo, ukaguzi wangu unafutwa, na kikundi kinafika kikaoni bila kukaguliwa. Unajua maana yake. Nikinyamaza, nimedanganya, hata kama nikiandika ripoti nzuri kuliko zote. Laiti ungeniambia mwanzoni, ningebadilishana na mjumbe mwingine, na jambo hili lisingekuwapo.

Nipe siku chache nifikiri.

Mkaguzi


3 Aprili

Shemeji,

Huna haja ya kufikiri. Nimejitoa.

Nilimwambia mwongozaji jana. Hakunifokea, heri angenifokea. Muuguzi alinifuata hadi chumba cha kufulia, akasimama kati ya mapipa akaniuliza, "Nimekukosea nini?" Nikamwambia hakuna, ni mambo ya kifamilia. Akasema, "Mimi si familia?" Nikaendelea kupakia mashuka.

Sasa Dada Mkubwa hana mwenza, kwa hiyo mchezo wa tarehe 18 hautapanda jukwaani wasipopata mtu. Kujifunza nafasi ile huchukua miezi. Lakini huna tena ndugu pale. Andika ripoti yako kwa moyo mweupe.

Nilishinda nyumbani Alhamisi hii. Nimekunja mashuka yangu, nikayakunjua, nikayakunja tena.

Mama Mashuka


7 Aprili

Shemeji,

Rudi.

Sikukuomba ujitoe. Nilipoandika "nipe siku chache", wewe ulisoma "ondoka". Nakubali kosa ni langu. Miaka thelathini na minne niliwaandikia watu kwa namna ambayo wakiona mwandiko wangu tu kwenye bahasha, huanza kufungasha.

Baada ya kusoma barua yako ya mwisho nilifungua jalada ninamohifadhi barua zako. Usicheke, nahifadhi za kila mtu. Mwaka ule baada ya mazishi uliniandikia mara nne. Iliyo ndefu kuliko zote ina mistari mitano: "Nipo. Mvua imenyesha. Kazi inaendelea. Asante kwa kuniuliza. Salamu." Nilizisoma zilipokuja na sikujua la kufanya, basi nikazitoboa matundu na kuziweka kwa tarehe. Kisha ikaja ya Septemba mwaka juzi, kurasa tatu kamili, kuhusu jirani yako mwenye cherehani na mbuzi aliyekula suruali ya mteja, ukaiga sauti ya mteja, ya jirani na ya mbuzi. Nilicheka peke yangu mezani. Nilidhani daktari amekupa dawa nzuri, na sikuuliza dawa gani. Sasa nimeiona tarehe.

Mkaguzi aliyekuwa na ushahidi huo katika jalada lake mwenyewe, akaenda kuhesabu watu kwenye benchi!

Nimefanya yafuatayo. Nimemwendea mwenyekiti, nikamweleza kwamba shemeji yangu yumo. Nimeiondoa rasimu yangu. Nimeandika barua ya masahihisho inayosema kwamba nilikosea, mahali nilipokosea, na kwamba nilikosea kwa kukataa kuuliza. Nimeomba isomwe kikaoni kwa sauti. Mwenyekiti alinishauri niifupishe, kwa ajili ya heshima yangu. Nimekataa. Kosa lililoandikwa kwa kirefu halisahihishwi kwa kifupi.

Kamati imekubali kumtuma mjumbe mwingine aje kuutazama mchezo tarehe 18. Sikuweza kuchagua. Ni mhandisi wa barabara. Ni mtu mwadilifu, lakini aliwahi kuniambia kwamba sanaa anayoielewa ni lami iliyosawazishwa vizuri. Mimi sitakuja, ni lazima nisiwepo. Kwa hiyo mchezo ukikosa kupanda siku hiyo, hakuna siku nyingine.

Rudi leo ukiweza. Mwambie muuguzi kwamba hayo "mambo ya kifamilia" ni mimi, na kwamba naomba radhi.

Shemeji yako,
Mkaguzi


19 Aprili

Shemeji,

Barua yako niliipata Jumamosi ya wiki iliyopita nikiwa na mikono ya sabuni. Niliisomea pale pale, ikalowa pembe moja. Ghalani niliingia, nikaketi mahali pangu. Muuguzi akanisogezea mkoba wake niuegemee. Radhi yako nilimpa baadaye, akasema ameipokea, ila anataka kukuona hiyo sura.

Sasa nikueleze ya jana, kwa kuwa hukuwepo.

Watu walijaa hadi kwenye ngazi. Mhandisi wako alifika kabla ya saa tisa, mrefu, mkavu, buti zina vumbi. Tulimwekea kiti mstari wa mbele chenye mto. Akakitazama, akasema, "Hapana. Nionesheni hilo benchi." Akavuta kreti, akaketi karibu na binti wa taa, mahali ambapo jukwaa unaliona kwa ubavu lakini sisi unatuona uso kwa uso.

Nilikuwa nimejiandaa. Moyoni nilisema, leo muuguzi ataitwa, nami nitaingia, na huyu bwana ataona. Hata koti la muuguzi nilikuwa nimelishika tayari. Hakuitwa, Shemeji. Wodi ilitulia kama msikiti mchana. Na alicheza, sijapata kumwona akicheza vile. Pale dada mkubwa anapomkabidhi mdogo wake ufunguo na kusema, "Nyumba nilishahama siku baba alipoacha kuniita jina langu," ghala zima liliinama mbele. Hata watoto wa mlinzi.

Mimi sikuinuka kwa saa mbili nzima. Nilikuwa naye neno kwa neno. Kwenye ufunguo mkono wangu ulijifungua wenyewe juu ya goti. Nikainua macho, nikamkuta mhandisi hatazami jukwaa. Ananitazama mimi. Kisha akamtazama Baba wa Pili na sweta lake, kisha Kaka wa Pili, mmoja mmoja hadi mwisho wa benchi. Niliona aibu kidogo, halafu nikaacha, maana mdogo wangu wa jukwaani alikuwa amefika kwenye kujibu, na ilibidi nimsikilize.

Mwisho watu walisimama kupiga makofi. Yeye hakupiga. Alitoka nje, akasimama langoni akiangalia chini, akamuuliza mfagiaji, "Nani aliziba mtaro huu?" Akaondoka. Basi.

Mwongozaji hajala tangu jana. Anasema tumekwisha. Mimi sijui. Wewe unamjua, tuambie.

Mama Mashuka


28 Aprili

Shemeji,

Nilimfahamu vibaya, kama nilivyowafahamu ninyi vibaya. Inaelekea kuwa ni tabia yangu.

Kikao kilikuwa jana. Barua yangu ya masahihisho ilisomwa kwanza, yote, na karani mwenye sauti nyembamba isiyosamehe kitu. Aliposoma mahali panaposema "niliwaona wakichezesha midomo nikadhani wanatafuna", mjumbe mmoja alicheka, na wawili wakainamisha vichwa ili wasicheke. Nilibaki nimeketi wima. Haikuwa raha. Lakini nilikuwa nimewafanyia watu wengi hivyo, kwa kalamu nyekundu, wala sikukumbuka hata mmoja aliyekufa.

Ndipo mhandisi akasimama. Hakuwa na karatasi. Nilinukuu maneno yake, nawe nakupa kama yalivyo:

"Nilitumwa kutazama mchezo mmoja, nikaonyeshwa michezo miwili kwa wakati mmoja, mmoja wenye sauti na mwingine usio na sauti. Sijui kuhukumu uigizaji. Najua kutambua mtu anayefanya kazi. Watu ishirini na wanne walifanya kazi. Kuna mama mmoja alikaa saa mbili akibeba mzigo ambao hakuna aliyemwomba aushushe, na mkono wake ulijua wakati wa kufunguka. Wenzangu, mtaro wa maji ya mvua hukaa mkavu miezi minane kila mwaka. Hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniambia niufukie kwa sababu haufanyi kazi."

Mjumbe wa fedha akamuuliza kama haingekuwa busara kikundi kijitafutie wafadhili. Mhandisi akamjibu, "Barabara yako ya kwenda nyumbani, ulijitafutia mfadhili?" Mwenyekiti akaomba utulivu. Nami, kwa kuwa sikuruhusiwa kusema, nilipata nafasi ya kusikiliza, na nakuambia kwamba katika utumishi wangu wote sijasikia hoja ikijengwa vizuri hivyo na mtu asiyependa maneno.

Ruzuku imepitishwa, kamili, kwa miaka mitatu. Ameongeza sharti moja la maandishi: mtaro mbele ya ghala uzibuliwe kabla ya mvua, kwa gharama ya idara yake.

Rasimu yangu ya kwanza haikuchanwa. Nimeomba ibaki katika jalada, na barua ya masahihisho ibandikwe juu yake, ili mkaguzi atakayekuja baada yangu aanze kwa kuuliza.

Nakupongeza, Shemeji. Na si wewe tu. Wafikishie salamu zangu wote, wa kwanza na wa pili, bila kuruka mtu.

Mkaguzi


4 Mei

Shemeji,

Barua yako niliisoma nimesimama juu ya benchi, maana walitaka wote waisikie. Nilipofika kwenye barabara ya mjumbe wa fedha ikabidi nirudie mara tatu. Mwongozaji amekula. Baba wa Pili amesema hilo sweta lilikuwa la mjukuu wake, lakini sasa ni lako. Mikono ni mirefu kidogo, utaikunja.

Kuna jambo jingine. Muuguzi ameniita pembeni. Anasema tarehe 16, tutakapocheza tena, hakuna zamu inayomwita wala homa inayomshika, ila siku hiyo atakaa benchi yeye. Nikamwambia haifai, watu wamemzoea. Akasema, "Nimekaa jukwaani miaka miwili nikijua uko nyuma yangu. Nataka na wewe uonje."

Kwa hiyo nitapanda, mbele ya mia mbili. Tangu juzi nakunja mashuka ya hospitali nikiyasemea maneno ya Dada Mkubwa.

Sasa hukagui kitu, hakuna kanuni ya kukuzuia. Njoo. Nauli sikutumii, una pensheni. Keti popote utakapo, ila nakuomba kitu kimoja. Nikisahau neno nikasimama kimya pale juu, usiinuke kunisahihisha.

Nina mwenza.

Shemeji yako,
Dada Mkubwa wa Pili